Kijito Kipimwe Kabla ya Kitekeo Kuchorwa

Njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, yaweza kusomwa kama ramani ya maji. Vituo vyake havikutengana kwa masafa yaliyo sawa, wala havikuwekwa mahali fulani kwa ajili ya kivuli chake. Viliwekwa penye kisima, penye ziwa dogo la mvua, au penye kijito kikavu ambacho mchanga wake ukichimbwa kwa mikono ulitoa maji. Katika nyika ya Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyanyembe, maji yalikuwa mbali kupita mwendo wa asubuhi moja. Hapo wapagazi walifuata utaratibu ulioitwa tirikeza: walipika na kunywa mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala pakavu, na kesho yake wakayafikia maji mengine kabla jua halijawa kali. Kirangozi aliyewatangulia alihitaji kujua mambo mawili juu ya kila kituo: maji yako wapi, na hukauka mwezi gani. Kisima kilichofurika mwezi Machi hakikumfaa mtu aliyefika Oktoba. Burton na Speke, waliofika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857, waliongozwa na ujuzi wa namna hiyo hata pale walipodhani kwamba wao ndio waongozaji.

Katika ufundi wa maji wa siku hizi swali la kwanza hujibiwa vizuri. Picha za setilaiti, ramani za mwinuko na vyombo vya kupimia nchi humwonyesha mhandisi kila kijito kilipo. Swali la pili, la mwezi wa kukauka, ndilo ambalo aghalabu hujibiwa kwa kukisia. Makisio hayo hujengwa kwa zege, nayo zege haisahihishwi kwa kifutio.

Sehemu ya mradi ambayo huumia kwanza kwa kosa hilo ni kitekeo. Kitekeo ni mahali ambapo maji hutolewa katika mto, kijito au ziwa na kuingizwa katika bomba au mfereji. Wakulima wa umwagiliaji hukiita banio. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya mabomba na matangi, na pengine ndiyo sababu huchorwa upesi, mara nyingi kwa kunakili mchoro wa mradi mwingine. Hata hivyo hakuna bomba liwezalo kupeleka maji ambayo kitekeo hakikuyapokea. Hoja ya makala haya ni kwamba kitekeo chema hutokana na kumbukumbu ya kijito chenyewe, ya siku zake kavu na ya siku zake za ghadhabu, na kwamba kumbukumbu hiyo yaweza kutunzwa na shule za sekondari, ambazo zipo karibu na vijito mwaka mzima, kuliko na mtaalamu apitaye kwa siku mbili.

Yafaa kuanzia Tabora, ingawa mji huo hauna kijito cha mlimani hata kimoja. Umekaa juu ya uwanda wa miombo, kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ardhi yake huinama kidogo sana hata maji ya mvua husita kabla ya kuchagua upande wa kwenda. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Kisha hufuata miezi ya ukavu ambapo mbuga hupasuka na mito hugeuka mlolongo wa madimbwi. Mto Igombe, ambao maji yake huelekea Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika, ni wa tabia hiyo. Mahali kama hapo kitekeo cha kukinga maji yapitayo hakifai kitu, kwa kuwa kwa nusu ya mwaka hakuna yapitayo. Hapana budi maji yahifadhiwe, na ndivyo ilivyofanyika: kwa miongo mingi mji ulitegemea mabwawa ya Kazima na Igombe. Baadaye lilikuja bomba la Ziwa Victoria. Maji yake hutekwa Ihelele, wilayani Misungwi. Yalifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, kisha, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa Serikali ya India, yakafika Nzega, Igunga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ziwa liko meta 1,134 kutoka usawa wa bahari, chini ya uwanda linakopelekewa maji yake. Kwa hiyo hayaendi Tabora kwa hiari yake. Husukumwa kwa pampu, na pampu hula umeme mchana na usiku.

Mradi huo ni kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini umeleta hatari moja ya kifikra, nayo ni dhana kwamba siku hizi tatizo la maji ni la bomba refu tu. Vijiji vingi vya magharibi havitafikiwa na bomba la ziwa kwa muda mrefu, na baadhi yao havina haja nalo.

Mtu akifuata njia ile ile ya misafara kutoka Tabora kwenda magharibi, njia ambayo reli nayo iliifuata kwa sehemu kubwa ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, atavuka nchi ya matope na mafunjo ya Malagarasi, atapita Uvinza penye chemchemi za chumvi, kisha ataona nchi ikibadilika. Vilima huanza kupanda, halafu ghafla huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko kiasi cha meta 770 tu kutoka usawa wa bahari. Kaskazini ya Kigoma, katika Hifadhi ya Gombe, mgongo wa milima hupita meta 1,500, na vijito kama Kakombe, Mkenke na Mitumba hushuka kimo hicho chote kwa masafa ya kilometa chache. Ndani ya hifadhi vimeachwa kama vilivyo. Nje yake, katika milima ya Kigoma na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, vijito vya jamaa hiyo hiyo ndivyo tegemeo la watu.

Thamani ya vijito hivyo ni kwamba maji yake hujipeleka yenyewe. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 uliokusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji salama yasiyozidi umbali wa meta 400 ifikapo mwaka 1991. Lengo hilo halikufikiwa, na miongoni mwa sababu zake inajulikana hii: pampu nyingi za dizeli zilisimama mafuta na vipuri vilipoadimika. Mradi wa mserereko hauhitaji dizeli. Unahitaji tu kitekeo kilicho juu ya kijiji, na kijito ambacho hakitamsaliti aliyekijenga.

Kijito chaweza kumsaliti mjenzi kwa njia mbili, na ya kwanza ni uhaba. Tuseme kijiji kina watu 3,000, na kila mmoja amekadiriwa lita 25 kwa siku, kipimo kilichozoeleka katika miradi ya vijijini. Jumla ni lita 75,000 kwa siku, sawa na lita 0.87 kwa kila sekunde. Mtaalamu afika mwezi Aprili na kuweka ndani ya kijito ubao uliokatwa pengo la umbo la herufi V lenye pembe mraba. Maji yapita katika pengo hilo kwa kina cha sentimeta 10. Kanuni ni nyepesi: kina kwa sentimeta huzidishwa kwa kina, kisha kwa kipeuo cha pili cha kina, kisha kwa 0.0138, na jibu ni lita kwa sekunde. Kwa sentimeta 10 jibu ni lita 4.4, yaani mara tano ya mahitaji. Mradi wapitishwa kwa furaha. Mwezi Oktoba kina kimeshuka hadi sentimeta 5. Mtu asiyehesabu atasema maji yamebaki nusu. Anayehesabu ataona yamebaki lita 0.77, chini ya moja ya tano ya yale ya Aprili na pungufu ya mahitaji ya kijiji, hata kabla ya kuwaachia chochote watu na viumbe walio chini ya kijito. Nao kuwaachia ni wajibu: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutaka kibali cha kutumia maji, na hutaka mto ubakiziwe maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe.

Mfano huo ni wa kubuniwa, lakini hesabu yake si ya kubuniwa. Kina kikipungua nusu katika pengo la V, maji hupungua kwa karibu mara sita. Jicho la binadamu halioni jambo hilo.

Njia ya pili ni wingi. Kijito cha mlimani ambacho mtoto hukiruka mwezi Septemba, usiku mmoja wa Machi huteremsha mawe. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuieleza sababu yake bila kitabu. Nguvu ya maji yanayolisukuma jiwe hulingana na kipeo cha pili cha kasi ya maji na eneo la uso wa jiwe. Uzito wa jiwe hulingana na ujazo wake. Tokeo ni kwamba kipenyo cha jiwe kubwa linaloweza kusogezwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na uzito wake kwa kipeo cha sita. Kasi ikiwa mara mbili, jiwe lisogezwalo laweza kuwa zito mara 64. Mtu akishaielewa hesabu hiyo hatashangaa tena kuona ukuta wa zege uliokatika mlimani, bomba limeachwa likining'inia hewani.

Mchoro uliozoeleka katika vitabu ni wa ukuta mfupi unaokatiza kijito, bwawa dogo nyuma yake, na bomba linalotoka ubavuni. Kwenye mto wa nchi tambarare huenda ukadumu. Kwenye kijito cha mlimani bwawa lile dogo hujaa changarawe na mchanga kwa masika moja au mawili, kwa maana maji yakipunguza kasi hutua mizigo yake hapo hapo, kama mpagazi aliyeonyeshwa kivuli. Baada ya hapo mdomo wa bomba huwa umezikwa.

Wahandisi wa milima ya Alps waliutafakari mkasa huo, wakabuni kitekeo kinachoitwa kwa jina la jimbo la Tyrol. Badala ya kushindana na mawe, huyapisha. Ukuta wake hauinuki sana juu ya sakafu ya kijito, na juu ya ukuta huo pamelazwa chekeche la vyuma vilivyonyooka kufuata mkondo, likiwa limeinama kuelekea chini. Maji huanguka kati ya vyuma na kuingia katika mfereji uliofichwa ndani ya ukuta; mawe na matawi huteleza juu ya chekeche na kuendelea na safari. Siku ya mafuriko mto wote hupita juu yake bila kupata kitu cha kukishikia. Ni ubunifu mwema, na unafaa milima ya Kigoma kama unavyofaa Uluguru au Usambara. Lakini haufai kunakiliwa kwa vipimo vyake vya Ulaya. Mahali penye misitu ya majani mapana, majani yaliyolowa hujilaza juu ya vyuma na kuvifunika kama kitambaa, na pasipo mtu wa kuyaondoa kitekeo hukauka huku kijito kikiwa na maji. Upana wa nafasi kati ya vyuma, na mwinamo wake, ni lazima uamuliwe na anayejua kijito hicho hubeba nini.

Pale ambapo mlima umelegea na kijito kimeanza kupinda, ipo hila nyingine ambayo haigharimu kitu. Kitekeo cha ubavuni kiwekwe kwenye ukingo wa nje wa kona. Maji ya juu, yaliyo masafi zaidi, hutupwa nje; maji ya chini yenye mchanga hurudi ndani, na ndiyo maana ufukwe wa mchanga huonekana daima upande wa ndani wa kona. Albert Einstein aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1926, naye alilieleza kwa majani ya chai: kikombe kikikorogwa kisha kikaachwa, majani hayaendi pembeni kama mtu angetazamia, bali hukusanyika katikati ya kitako. Mwalimu mwenye kikombe kimoja na chai isiyochujwa ana maabara ya kutosha kwa somo hilo.

Mchanga utaingia tu, vyovyote itakavyokuwa. Kwa hiyo baada ya kitekeo huwekwa tangi la kuutuliza. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimeta 0.2 huzama kwa kasi ya karibu sentimeta 2 kwa sekunde. Tangi likiwa na kina cha meta 1, chembe iliyoingia juu huhitaji sekunde 50 kufika chini. Maji yakienda mbele kwa sentimeta 20 kwa sekunde, tangi halina budi kuwa na urefu wa meta 10. Fundi akilijenga la meta 4 ili kuokoa saruji, mchanga utasafiri hadi kwenye bomba na kukaa mabondeni mwake, mahali pagumu kufikika.

Inafaa hapa kuwakumbuka wajenzi wasiokuwa na saruji. Kule Kilimanjaro Wachagga walichimba mifereji yao kwa karne kadhaa, na mabanio yao yalikuwa ya mawe, magogo, matawi na majani ya mgomba. Mafuriko yaliyasomba, nao waliyajenga upya. Wageni wengine waliona huo kuwa udhaifu. Lakini banio linalovunjika siku ya mafuriko huuokoa mfereji ulio nyuma yake, na kulirudisha ni kazi ya asubuhi chache. Wao walikwisha kuuliza swali ambalo michoro mingi hailiulizi: kitu hiki kikivunjika, kitavunjikia wapi, na nani atakitengeneza? Chekeche linalohitaji kunyanyuliwa na winchi halimfai kijana wa kijiji mwenye reki na jembe. Vali ya kusafishia tangi ambayo gurudumu lake halipatikani dukani Kasulu si vali, ni kizibo.

Kumbukumbu ya kijito itatoka wapi? Mabonde yote yana bodi zake za maji, na ile ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake Kigoma. Lakini hakuna bodi inayoweza kumweka mtu kwenye kila kijito cha kila mlima. Shule ipo tayari. Ubao wenye pengo la V huchongwa kwa mbao ngumu au bati nene. Huwekwa mahali maji yaliyo nyuma yake yametulia na yale ya mbele huanguka bila kizuizi, nayo rula husomwa nyuma kidogo ya pengo, kuanzia usawa wa ncha yake ya chini. Pasipo ubao, kijito kidogo chaweza kupitishwa katika bomba fupi na kukingwa kwa debe la lita 20: likijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2 kwa sekunde. Siku za mafuriko hakuna mwanafunzi wa kuingia majini. Alama ya maji yalikofika husomwa baadaye, kwenye takataka zilizonasa vichakani, na ukubwa wa mawe mapya hupimwa kwa futi kamba.

Walimu watasema, na kwa haki, kwamba muhtasari umejaa na mitihani haiulizi juu ya kijito cha nyuma ya shule. Hata hivyo mada zimo tayari: vipeo na vipeuo katika hisabati, msuguano na nguvu katika fizikia, mito na mmomonyoko katika jiografia. Kinachokosekana ni daftari moja lisilo la mwanafunzi yeyote, linalopokezwa kutoka kidato hadi kidato. Mwaka mmoja hautoshi. Aliyepima mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, alikiona kijito tajiri. Aliyepima mwaka 2006, baada ya ukame, alikiona maskini. Kila mmoja angejenga kitekeo tofauti, na wote wawili wangekosea.

Hata Ujiji, ambako njia ya misafara iliishia na ambako mtu angedhani ukubwa wa ziwa huondoa wasiwasi wote, kosa hilo lingetokea. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yakipanda, kwa kuwa mlango wake wa kutokea, mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Yapata mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na kwa muda usiozidi miaka 20 ziwa lilishuka zaidi ya meta 10. Leo ukumbusho wa mkutano ule umesimama mbali na maji, mamia ya meta. Tena katika miaka ya 2020 ziwa limepanda upya na kufunika majengo ya pwani. Ziwa Victoria nalo lilishuka mno mwaka 2006, kisha mwaka 2020 na 2024 likapanda kuliko watu wengi walivyowahi kuliona.

Kwa shule ya milimani itakayotaka kuanza, wakati bora ni Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza. Kina kisomwe siku moja ile ile ya kila juma na kuandikwa pamoja na tarehe na saa, hata kama ni sifuri. Kipimo kisichochukuliwa kiachwe wazi, kisijazwe kwa kukisia. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe serikali ya kijiji, na ya tatu kwa bodi ya bonde, ili mhandisi atakayekuja na mchoro wake aoneshwe daftari kwanza.